Kadi Isiyo na Majina

Jumatatu, 12 Juni

Nimenunua daftari jipya dukani kwa Bu Sarju, mama jirani, kwa sababu la zamani limejaa, na kwa sababu wiki ijayo mwezi wa Besar, mwezi wetu wa harusi, unaandama. Nina maharusi tisa wa kupamba kabla mwezi wa Suro haujaingia, maana Suro ikishaingia hakuna mwenye akili timamu atakayeoza binti yake. Humu naandika kila kitu: nani kaniita, siku gani, nani kasema nini. Miaka thelathini na moja ya kuchora mapaji ya maharusi imenionyesha kwamba watu husahau walichosema, na wengine husahau makusudi.

Daftari nitalificha ndani ya sanduku la vipini vya nywele, chini ya kitambaa, kwa kuwa siku hizi nyumbani tuko wawili. Mwanangu Prasojo alirudi kiwandani kwake Taiwan baada ya Idi, akaniachia mkewe, Kinasih, ili eti nisiwe peke yangu. Sikuwa nimemlalamikia mtu kwamba niko peke yangu.

Kinasih ni wa Wonogiri, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka hapa kwetu Klaten, ana miaka ishirini na minne, na mikono yake ni myepesi. Anatunga jasmini vizuri kuliko msaidizi yeyote niliyepata kuwa naye, hilo nalikubali. Lakini ana simu. Anakaa nayo nyuma kwenye kisima, anacheka peke yake, na mimi nikitokea anailaza kifudifudi pajani. Nimeliona hilo mara tatu wiki hii.

Jumatano, 14 Juni

Baridi ya asubuhi imeanza. Mafuta ya nazi yameganda chupani. Nimetia alama ya kalamu pale yanapoishia.

Jumamosi, 17 Juni

Mialiko imeanza kumiminika. Zamani mtu aliyekualika harusini alivaa, akaja, akaketi, akasifia maua ya uwanjani, akanywa chai, ndipo akatamka lililomleta. Nawe ulipomwona anakuja ulikimbilia chumbani kubadili nguo. Siku hizi mwaliko unaingia kwenye simu na muziki wake, unakukuta unakuna nazi.

Leo nimepata mitano. Mmoja umetoka kwenye namba nisiyoijua: "Kwa heshima na taadhima tunakualika, Bu Murti, kwenye harusi ya watoto wetu wapendwa. Siku na mahali vimo ndani ya kadi. Kutofika kwako kutatuhuzunisha." Hakuna jina la bwana, hakuna la bibi, hakuna la wazazi.

Mtu mwingine angeuliza, samahani, ni nani mwenzangu? Mimi siwezi. Nimepamba nusu ya akina mama wa wilaya hii, na sasa napamba binti zao. Kumuuliza mama wa bibi harusi jina lake ni kumwambia usoni kwamba siku kubwa kuliko zote nyumbani mwake imenitoka kichwani. Kuna mpambaji wa kijiji cha juu alifanya hivyo mara moja, na mpaka leo wanamsimulia.

Basi nikaifungua. Simu ikaanza maswali yake. Faili hili linaweza kudhuru simu yako, una hakika? Unaruhusu lisome meseji zako? Unaruhusu lione majina ya watu wako? Nikabonyeza kubali, kubali, kubali, miwani yangu ikiwa jikoni. Yakatokea maua, kisha ukurasa mweupe. Labda ni mtandao. Nitangoja wenyewe watume tena.

Kinasih alikuwa karibu akakatiza kwa neno ambalo halikunipendeza. Sina haja ya kuliandika.

Jumatano, 21 Juni

Bibi harusi wa kwanza wa Besar, binti wa Pak Giyono, yule bwana mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Jana nilifunga, kama mama yangu alivyonifundisha, kwa kuwa mkono ulioshiba hauchori sawasawa. Wanja wa paji ulikaa vizuri, ncha zote nne zikatoka kali. Kinasih alishika bakuli.

"Mkono wa Mama hautetemeki hata kidogo," akasema.

Nimejiuliza siku nzima anataka nini.

Ijumaa, 23 Juni

Simu inachemka. Haijaguswa tangu alfajiri na bado ina moto kama kiazi kilichotoka jivuni, na betri inaisha kabla ya adhuhuri. Mtu anaitumia kwa siri. Nimeificha kwenye debe la mchele.

Jumamosi, 24 Juni

Imekaa kwenye debe la mchele tangu jana na betri imeisha vile vile. Ameshapajua.

Jumatatu, 26 Juni

Meseji kutoka benki: tarakimu sita, na maneno "usimwonyeshe mtu yeyote namba hii". Sikuomba namba yoyote. Nikaenda kuchukua miwani niisome vizuri, niliporudi meseji haipo. Nikatafuta juu na chini. Meseji haina miguu. Sebuleni alikuwapo mtu mmoja tu, anafagia.

"Umeshika simu yangu?" nikamuuliza Kinasih.

"Hapana, Mama. Ina nini?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

Akasimama na fagio lake. "Mama, simu hiyo siku hizi haiko sawa. Inachemka bure. Nipe niiangalie kidogo tu."

"Uiangalie uone nini?"

Akarudi kwenye kufagia. Sikupenda haraka aliyokuwa nayo ya kuishika.

Alhamisi, 29 Juni

Idi ya kuchinja. Tulikaa akina mama kwenye uwanja wa msikiti tukigawa nyama kwenye vikapu vya mianzi. Bu Sarju alijisogeza karibu nami. Bu Sarju ana duka mkabala na nyumba yangu, mdomo wake hauna kufuli, lakini macho yake hayajambo.

"Mimi sisemi kitu, Bu Murti," akaanza, akikata mafuta. "Nauliza tu. Mkweo anaongea na nani?"

"Na mumewe."

"Sawa. Mimi nimeolewa miaka thelathini, sijawahi kuongea na mume wangu kwa kunong'ona." Akatupa kipande kikapuni. "Jana alikuja kununua vocha. Simu sikioni. Anasema, 'Mama asijue, tafadhali, asijue kabisa.' Nikajiuliza, mama yupi huyo asiyetakiwa kujua?"

"Labda mama yake mzazi."

"Labda," akasema, akinitazama kwa huruma iliyonichoma.

Mchana Prasojo alipiga. Aliniuliza afya, akauliza nyama, kisha akasema, "Mama, simu yako mpe Kinasih aitazame." Maneno yale yale. Nikamwambia simu ni yangu na nitaitazama mwenyewe. Akavuta pumzi, akasema sawa. Zamani mwanangu alikuwa haniletei maneno ya kufundishwa.

Ijumaa, 30 Juni

Mafuta ya nazi yako kwenye alama. Hata hivyo.

Jumapili, 2 Julai

Nimemfumania.

Nilitoka kuoga mchana, bado nina kitambaa kichwani, nikaona mlango wa chumba changu uko wazi. Kinasih ameketi kwenye kiti cha kioo, kile ninachokalisha maharusi, na mkononi ana simu yangu. Punje za mchele zimemwagika sakafuni. Anabonyeza, ameuma midomo.

"Endelea," nikasema. "Usinionee haya."

Akaruka. Simu hakuiachia. "Mama, njoo uone. Kuna programu humu imeandikwa Mwaliko. Haina picha. Kila nikiitoa inakataa. Inasoma meseji zote za Mama, inazituma kwa watu, halafu inazifuta."

"Anayesoma meseji zangu namwona mbele yangu."

"Sio mimi, Mama. Wallahi sio mimi. Tutoe laini sasa hivi, na kesho asubuhi twende benki kabla—"

"Benki umeijuaje?"

Kila alilotamka lilizidi kumzamisha, na mimi nilikuwa nalihesabu moja moja. Nilikuwa na hasira, na nikisema kweli, kwa kuwa humu hakuna anayesoma, chini ya hasira nilikuwa na raha. Nilikuwa nimesema tangu mwanzo.

"Na nani asiyetakiwa kujua?" nikamuuliza. "'Mama asijue kabisa.' Umemwambia nani hayo?"

Machozi yakaanza kumtoka. "Prasojo. Nilimwambia simu ya Mama imeingiliwa. Nikamwomba Mama asijue kwamba nimemwambia, Mama ataona aibu."

"Aibu ya nini?"

Akaitazama simu.

"Mwanangu umemwingiza kwenye uongo wako pia," nikasema. "Funga nguo zako. Basi la Wonogiri linapita saa tisa."

Nilidhani atapiga magoti, au atapiga kelele majirani wasikie. Hakufanya hata kimoja. Alikwenda nyuma, akamaliza kutunga jasmini za bibi harusi wa kesho, akazifunika kwa jani la mgomba, akanyunyizia maji juu yake zisinyauke. Kisha akavaa koti, akanibusu mkono, akaondoka na mfuko mmoja. Hata zile jasmini nilizikagua, nikidhani amezifanyia jambo. Zilikuwa nzuri.

Jumatatu, 3 Julai

Wanja ulichuruzika. Ncha ya kushoto iliporomoka mpaka kwenye nyusi, nikafuta mara tatu. Mama wa bibi harusi alitazamana na dada yake. Nadhani bibi harusi hakufunga.

Jumanne, 4 Julai

Nimekwenda benki. Akaunti ni tupu. Ile akiba ya nafasi yangu ya Hija, ya miaka tisa, imetolewa kwa simu, kwa mikupuo, na karani anasema kila mara namba ya siri iliyotumika ilikuwa sahihi. Aliniletea maji. Niliyaacha mezani.

Kutoka hapo nilikwenda polisi moja kwa moja. Afisa alikuwa mtu mzima, mpole.

"Ni mkweo, Mama?"

"Ni mke wa mwanangu."

"Una hakika? Jina likishaandikwa hapa linasafiri."

"Nilimkuta na simu yangu mkononi. Ya benki aliyajua kabla yangu. Nina hakika."

Akaandika. Nikamtajia herufi moja moja ili asikosee.

Jumatano, 5 Julai

Prasojo amepiga mara nyingi. Sikupokea.

Ijumaa, 7 Julai

Polisi wamesema barua ya kumwita imekwishapelekwa Wonogiri kwa mkuu wa kijiji chao. Upepo mkavu, vumbi linaingia mpaka kwenye kikombe. Kisima kimeshuka, kamba haifiki, nimeiunga. Nimefagia mwenyewe, nimepika mwenyewe, nimekula nusu. Nimepata kimya nilichokuwa nakitaka na sikipendi.

Jumapili, 9 Julai

Naandika haya mkono ukiwa mzito.

Asubuhi Bu Sarju aliingia na sahani ya vitumbua vya wali wa kunata na tabasamu la kulalamika.

"Hongera, lakini umenivunja moyo. Jirani mlango kwa mlango, na mimi napata habari kwenye simu kama mtu baki. Unaoza nani?"

"Sioozi mtu."

"Bu Murti, acha hizo. Kadi si hii hapa?"

Akanionyesha. Jina langu, namba yangu, picha yangu ile ya kebaya ya kijani, blauzi yangu ya sherehe. "Kwa heshima na taadhima tunakualika, Bu Sarju, kwenye harusi ya watoto wetu wapendwa. Siku na mahali vimo ndani ya kadi. Kutofika kwako kutatuhuzunisha."

"Mtandao wako mbovu lakini," akaendelea. "Nimefungua, maua tu, halafu kweupe."

Meseji ilikuwa imetumwa alfajiri. Alfajiri mimi nilikuwa kwenye mkeka wa kusalia, simu ikiwa ndani ya debe la mchele, na Kinasih yuko Wonogiri mwendo wa saa tatu. Hapakuwa na mtu wa kumsingizia.

Kabla ya saa sita wakaja wengine. Mkunga, mwalimu, mke wa imamu, Pak Giyono wa mashine. Kila mtu amepata, na kila mtu amefungua.

"Angekuwa mtu mwingine ningesita," Pak Giyono akaniambia. "Simu yenyewe ilinikataza. Lakini mwaliko wa harusi umetoka kwa mpambaji mwenyewe, nisite kwa nini?"

Nikaichukua simu mpaka kwa Lilis, mwenye kibanda cha simu sokoni, mwanamke wa umri wa kati anayetafuna karanga huku anatengeneza. Akaigeuza mara mbili tatu, akaacha kutafuna.

"Bu Murti, hii umeiweka mwenyewe."

"Sijaweka kitu. Nilifungua kadi."

"Kadi ni picha. Picha utaiangalia tu, haikuombi ruhusa ya kusoma meseji zako. Hii ni programu nzima, imevishwa nguo za kadi." Akanielekezea kidole kwenye kioo. "Ukiikubalia, namba za benki zinawafikia wao kabla hujavaa miwani. Na hapa inaandika siku iliyoingia. Tarehe kumi na saba Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi."

Nilikaa juu ya kasha la betri mbovu.

"Kinasih hakukuambia?" Lilis akauliza. "Alikuja hapa Jumamosi ile ya kwanza ya mwezi, ana wasiwasi. Akaniuliza programu inayokataa kutoka inatolewaje. Nikamwambia kwanza aizuie ile ruhusa, ikishindikana achomoe laini, na akuharakishe benki. Akaniomba nisimwambie mtu, eti wewe ni mtu wa kuheshimika."

Akaitoa. Ilimchukua muda mfupi kuliko muda wa kunywa chai.

Nimerudi nyumbani nikafungua ukurasa wa tarehe kumi na saba. Ni mwandiko wangu, kubali, kubali, kubali. Mtu niliyekuwa namwinda mwezi mzima nimemkuta humu. Ninajionea aibu kiasi kwamba nimefunika kioo cha maharusi kwa kanga.

Jumatatu, 10 Julai

Nimevaa kebaya na kujifunga nywele kama mtu anayekwenda kualika, nikaenda nyumba kwa nyumba. Nakaa, nakunywa chai, kisha nasema lililonileta: ile kadi si kadi, itoeni, chomoeni laini, nendeni benki leo, msingoje kesho. Nimefika nyumba kumi na nne.

Jumanne, 11 Julai

Nyumba kumi na tisa. Wawili walikuwa wamekwisha kuibiwa, mmoja ni mkunga. Hakunifukuza. Alinitilia chai, na hakunitazama.

Bu Sarju nilimwachia mwisho. Yeye aliwahi benki, salama.

"Maskini Kinasih," akasema. "Mtoto wa watu."

"Wewe ndiye uliyeniambia anong'onavyo."

"Mimi? Mimi sikusema kitu, Bu Murti. Niliuliza tu."

Na ni kweli, aliuliza tu. Majibu nilikuwa nayo mwenyewe.

Jumatano, 12 Julai

Wazazi wa maharusi wawili waliobaki wameita mpambaji wa kijiji cha juu. Wametuma watu waje kuniambia ana kwa ana, kwa adabu zote.

Alhamisi, 13 Julai

Polisi. Nimefuta maelezo yangu. Afisa yule yule alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitaandika barua nyingine kwamba hana kosa," akasema. "Lakini ya kwanza wamekwisha kuisoma, Mama. Hiyo siwezi kuirudisha."

Nimempigia Prasojo. Nimemwambia yote, pamoja na polisi. Nilisikia mashine za kiwandani nyuma yake. Kisha akasema, "Usiniombe mimi radhi, Mama," akakata.

Jumamosi, 15 Julai

Wonogiri. Naandika kwenye basi la kurudi, ndiyo maana mistari inayumba.

Baba yake Kinasih, Pak Wagiman, alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Akanikalisha kiti cha mbele, chai ikaja kwenye kikombe chenye sahani, biskuti zikaja kwenye bati ambalo bado lina utepe wake. Alizungumza nami kwa lugha ya juu kabisa, ile tunayomwekea afisa wa serikali, akaniuliza safari, akaniuliza vumbi la Klaten. Mwaka jana mtu huyu alinipiga begani na kuniita dada. Sasa amenifanya mgeni, na ndani ya heshima ile hapakuwa na mlango wa kuingilia. Ningependelea anitukane.

Baadaye nikajua kwamba barua ya polisi ilisomwa hapo hapo kizingitini, na mkuu wa kijiji, kwa sauti, siku ya mkutano wa kina mama.

Kinasih akatoka, akaketi kwenye kigoda cha chini. Amepungua.

"Karibu, Mama."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Klaten. Yote yalinitoka. Nikafungua mkoba, nikamkabidhi daftari hili.

"Soma," nikasema. "Lote. Ndivyo nilivyokuwa nakuona."

Alisoma pale pale. Baba yake akatoka nje kuvuta sigara. Kwenye alama ya mafuta ya nazi alicheka, kidogo, kwa pua. Kwenye tarehe mbili Julai alifunika mdomo. Alipofika mwisho akarudi nyuma, akatafuta ukurasa, akaweka kidole.

"Tarehe kumi na saba Mama hakuandika."

"Sikuandika nini?"

"Nilichosema."

Nilijua anachosema. Nilijua tangu siku ile, ndiyo maana sikukiandika, mimi niliyejigamba ukurasa wa kwanza kwamba naandika kila kitu. Sasa nakiandika. Alisema, "Mama, usiifungue. Haina majina. Muulize kwanza ni nani." Na mimi, kidole kikiwa juu ya kioo, nilimjibu, "Kwenu hamkufundishwa adabu ya kualikwa?" Alisema mara mbili. Mara ya pili alinishika mkono, nikautoa.

"Nisamehe," nikamwambia. Sikumbuki mara ya mwisho kumwambia mtu neno hilo bila siku ya Idi kunilazimisha.

"Nimesamehe, Mama," akasema upesi, kama tunavyofundishwa kusema.

"Utarudi?"

Akalifunga daftari, akalilaza magotini. "Nikirudi, halafu kitu kingine kipotee. Pete, au pesa, au chochote. Mama utamtazama nani kwanza?"

Nilitaka kuapa. Kiapo kilikuwa tayari mdomoni. Lakini najijua, nina miaka hamsini na minane ya kujijua.

"Sijui," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alinitazama machoni. "Leo sirudi," akasema. "Prasojo anakuja Desemba. Nitangoja, tuzungumze sote watatu."

Nikasema sawa. Ilinibidi niitazame chai.

Kisha akanirudishia daftari, akanyoosha mkono. "Simu ya Mama iko wapi? Imewekwa laini mpya?"

Nikampa. Akakaa kando yangu kwenye kiti cha mbele, mabega yetu yakagusana. Akanionyesha mahali pa kuzuia programu zisizotoka kwenye duka la programu, akanifanya nizuie mwenyewe. Akanionyesha orodha ya nani anaruhusiwa kusoma nini, tukazima moja moja. Akaniambia kuanzia leo hata kama nitaonekana nimezeeka na kusahau watu, niulize majina.

"Sasa namba ya siri," akasema. "Tarakimu sita. Usiweke siku ya kuzaliwa."

Akanirudishia simu, akageuka, akaukabili ukuta. Hakuna aliyemwambia ageuke.

Mwezi mzima nimeficha simu hii kwenye mchele kwa ajili ya mtu huyu. Nikaandika tarakimu sita, kisha nikamtajia kwa sauti, moja baada ya nyingine, ajue kwamba nampa.

"Mama," akasema, bado amegeukia ukuta, "hiyo haisemwi kwa mtu. Hata kwangu. Weka nyingine."

Nikaanza upya. Machozi yalikuwa yamejaa, tarakimu zikaogelea, nikakosea, nikafuta.

"Tayari?"

"Bado," nikasema.

Naye akangoja, mgongo kwangu, mpaka nikamaliza.